Maneno ya ploti yamefika posho mili, sasa nifunge mlango?

Habari mama mshauri. Naomba usiweke jina langu, na mtaa pia uache, andika tu Nakuru, wenye wanajua watajua. Mimi ni fundi wa nguo, miaka 43, bwanangu ni dereva wa matatu ya Molo na tuna watoto watatu.

Hii kitu sikuipanga. Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili tulivuna kale kashamba tumekodisha Njoro, tukaleta gunia sita za mahindi bado ziko kwa magunzi, na yule wa mashine akasema imeharibika mpaka wiki ijayo. Nikaita majirani tupukuchue na mikono. Wakakuja saba. Tukatandika turubai nyuma ya nyumba, nikaweka chai na viazi, tukaanza saa tisa mchana na ikifika saa mbili usiku mahindi imeisha lakini hakuna mtu amesimama. Nakwambia tangu nihamie huu mtaa sijawahi kuskia watu wakiongea hivo. Mtu anasema kitu ya ukweli, na hakuna mwenye anakimbilia kumjibu, kila mtu anasugua gunzi lake pole pole, unaskia tu punje zikianguka kwa karai. Wakati wa kuenda nikasema yenye tumesema hapa ibaki hapa na wote wakakubali. Halafu mzee mmoja jirani yetu, alistaafu reli, akauliza "sasa tutarudi lini?" na mahindi hakuna tena.

Basi tukarudi. Kila Jumapili ya pili saa kumi. Kama hakuna mahindi tunachambua maharagwe ama nawapea nguo watoe nyuzi. Simu zote zinaingia kwa beseni ya bluu na inafunikwa na leso, hiyo leso aliileta mama mmoja anauza mitumba, alisema simu ikionekana ata ikiwa imezimwa inaita tu kwa roho. Tulikuwa wanane na mimi, tukafika ishirini na mbili. Watu wa makabila yote, sitataja, unajua Nakuru venye tumechanganyika. Shida yenye nilikuwa naiona ni ndogo tu, huyo mzee wa reli anapenda sana kumaliza kila kitu na methali, akishasema "mvumilivu hula mbivu" vijana wananyamaza.

Sasa mwaka huu mwezi wa nne, Jumapili moja stima ikapotea tukiwa hapo, tukabaki na taa ya sola moja tu. Huyo mama wa mitumba akaanza kuongea bila kuulizwa. Akasema Januari 2008, ile vita ya baada ya uchaguzi, alikuwa na miaka 24 na watoto wawili, na jirani wa kabila ingine alivunja mabati ya fensi akawavuta wakapita, akawaficha siku tatu kwa nyumba ya kuku. Halafu akasema mmoja wa wale walikuja kuwatafuta na panga ni kijana alikuwa anamuwekea uji akitoka shule. Na huyo kijana sasa ni mtu mzima, yuko hapa hapa, wanasalimiana kila asubuhi. Hakutaja jina. Alikuwa anachambua maharagwe na mkono haukusimama ata mara moja.

Wiki haikuisha. Dada ya bwanangu, tunaishi naye hapa kwa ploti, alianza kuja kikao kama mwezi wa pili, alienda posho mili, pale tunasaga unga, akasimulia. Ikitoka posho mili ikawa huyo mama anajua wenye walichoma na anaandika majina. Kuna mwanaume alienda ata kwa kibanda chake cha nguo akamuuliza "wewe unasemanga nini juu yangu?" Tangu siku hiyo huyo mama hajakuja, simu hachukui, na kibanda anafungua siku mojamoja. Jumapili iliyopita tulikuwa tisa.

Dada ya bwanangu amekataa kabisa kuwa alikosea. Anasema alisimulia akimsifu huyo mama, venye ako na moyo mkubwa. Mimi simwamini, na naishi naye, tunapika jikoni moja. Mzee wa reli anataka tuandikishe kikundi, tuwe na katiba, kila memba atoe mia mbili kwa mwezi, na mwenye atatoa siri apigwe faini mia tano, eti mtu akiwa na kitu ya kupoteza ataheshimu. Kuna mwenye anatafuta kiti cha MCA, yule mwakilishi wa wadi, naye amesikia, ametuma mtu kusema atatupa tenti na viti hamsini. Na bwanangu, yeye hajawahi kukaa na sisi, huwa anachukua chai anaingia ndani, anasema nifunge hiyo maneno kabisa kabla uchaguzi wa 2027 haujafika watu wakaumia kwa boma yake.

Mama, mimi nilitaka tu watu wawe na mahali pa kusema ukweli. Nimfukuze huyu shemeji? Nifanye chama? Ama nifunge? Usiku silali vizuri.

Fundi, Nakuru

JIBU

Dadangu fundi, pole. Nimesoma barua yako jana jioni, nikaiacha, nikairudia asubuhi, na kila mara nikifika hapo kwa mkono haukusimama nilishindwa kuendelea kidogo. Asante kwa kuniandikia na kwa kuficha ulichoficha. Na kukosa usingizi kwa sababu ya jirani sio udhaifu, hilo nikuambie mapema.

Nikikuelewa vizuri, umeniuliza maswali matatu kuhusu kikao, kumfukuza mtu, kufanya chama, ama kufunga. Lakini mimi naona kuna mtu mbele ya kikao. Huyu mama wa mitumba ameendewa na mwanaume kwa kibanda chake. Hiyo si habari ya umbea tena, hiyo ni usalama wake, na kama ningekuwa wewe ningeiweka kando kabisa na hayo mengine. Unaweza kufikiria kwenda kwa chifu ama mzee wa Nyumba Kumi, na huyo mwanaume akirudi tena, ama akitoa neno la vitisho, polisi. Ila kuna hatari yake: ukienda wewe bila yeye kujua, hiyo hadithi inatembea mara ya pili kwa miguu ya mtu mwingine, safari hii miguu ni yako. Kwa hivyo muulize yeye kwanza anataka nini. Pengine atasema twende pamoja, pengine atasema niacheni, na pengine atataka tu mtu wa kukaa naye kibandani siku za soko ili asiwe peke yake. Hiyo ya mwisho inaonekana ndogo lakini mwanaume mwenye hasira anafikiria mara mbili akikuta wanawake watatu wamekaa wanakunja nguo.

Nataka nikueleze pia kwa nini nadhani hili limemuuma kuliko umbea wa kawaida. Baada ya ile vita ya 2007 na 2008 iliundwa tume ya ukweli, haki na maridhiano. Ilizunguka nchi na watu zaidi ya 40,000 wakaandikisha taarifa zao. Fikiria hao watu wote wakikaa mbele ya mgeni mwenye karatasi na kusema kile kitu. Ripoti ikakabidhiwa kwa rais Mei 2013, ikafika bungeni, ikalala. Wengi walionyesha kidonda na hakuna aliyerudi kuwaambia tumekuskia. Mimi sijui kama huyo mama alienda kwa tume ama hakuenda, na si lazima tujue. Ila kwako alipata kile ambacho wengi hawakupata, watu walionyamaza na yeye gizani. Halafu ikachukuliwa ikapelekwa kupimwa na unga. Kwa hivyo usishangae simu haichukuliwi. Na usidhani amekuchukia, pengine anaona haya tu kuwa aliamini.

Sasa huyu shemeji. Hapa nitakusumbua kidogo, nivumilie. Ulisema siku ya kwanza mlikubaliana yenye imesemwa hapa ibaki hapa. Hiyo siku mlikuwa wanane. Mlipofika ishirini na mbili, wale kumi na wanne wengine waliambiwa na nani? Yeye ameanza kuja mwezi wa pili na hayo maneno yametoka mwezi wa nne. Nimetafuta kwa barua yako mahali ulipomkalisha ukamwambia, sijapata. Inawezekana ulimwambia na hukuandika. Lakini kama hukumwambia, basi mahali pako palikuwa na mlango ambao watu wanane wanaujua na wengine walipita wakidhani ni ukuta tu. Sisemi hana makosa, mtu mzima anajua tu kuna maneno ya posho mili na kuna maneno mengine. Ila ile kauli yake kwamba alisimulia akimsifu, mimi siitupi haraka hivo. Watu wengi wanatoa siri kwa sababu imewajaa, wamesikia kitu kikubwa na hawana mahali pa kukiweka, wanakimegea wa kwanza waliyekutana naye. Haiponyi kidonda cha mama lakini inabadilisha jinsi wewe utaongea na yeye jikoni.

Kumfukuza, unaweza. Na itakupa amani kwa wiki kadhaa. Lakini anaishi hapo, dirisha lake linaangalia turubai, na yeye ni dada ya mzee wako, kwa hivyo utakuwa umemtoa kikaoni ukamwacha na uchungu ndani ya boma, na sasa hana hata ile aibu ya kuwa mmoja wenu. Njia nyingine ni aende kumwomba mama msamaha. Hiyo nayo nzuri lakini usiisukume, maana msamaha wa kulazimishwa unamfanya aliyeumizwa aanze kumbembeleza aliyemuumiza, atasema "haina shida" ili tu watu watoke kwa nyumba yake. Pengine kuna shangazi yao ama mtu mkubwa wa upande wao anayeweza kumwambia ukweli kwa namna ambayo wewe kama mke wa pale huwezi. Angalia hilo.

Kuhusu chama, naona kwa barua yako kama unakidharau kidogo, kama vile pesa ikiingia ukweli unatoka. Mimi sina uhakika. Mimi ni wa Siaya, na mamangu alikuwa akituhadithia jinsi walivyokuwa wanalala siwindhe, nyumba ya nyanya mzee wa boma, wasichana wote wamejazana kwa ngozi na mikeka, na huko ndiko walijifunza kila kitu kuhusu maisha. Wanaume walikuwa na duol yao, moto mbele ya kibanda cha mwenye boma, na watoto wa kiume wanaskiza. Hakuna aliyeenda kule akisema naenda kuongea mambo ya maana. Walienda kulala, walienda kuota moto na kula. Hata nyinyi, watu saba walikuja kwa sababu ya mahindi. Mtu wetu, sana sana mwanaume, anataka sababu ya kuwa mahali, na kwa wengi chama ndio hiyo sababu. Kwa hivyo wazo la mzee si baya.

Lakini angalia pia linakokupeleka. Kuna mtu kati ya wale tisa ambaye mia mbili ni unga wa siku mbili. Mwezi wa kwanza atatoa, wa pili atakopa, wa tatu atasema alikuwa na matanga, na huyo ndiye pengine alikuwa na neno zito kuliko wote. Kikundi kikiandikishwa, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inataka muwe angalau kumi na muwe na maofisa na katiba. Mtakuwa na mwandishi, na kazi yake ni kuandika minitsi. Sasa jiulize, ile usiku wa stima kupotea, mwandishi angeandika nini? Na ile faini ya mia tano, naogopa itafanya siri iwe na bei, mtu analipa anasema tumemalizana. Kuna watu wanafanya vyote viwili, chama Jumamosi na daftari lake, kikao Jumapili na turubai lake, watu ni walewale ila kila mmoja anajua leo ni siku gani. Inaweza kufanya kazi. Inaweza pia kuchanganyika, mmoja asipolipa Jumamosi aogope kuja Jumapili. Wewe ndio unawajua.

Ya tenti sina maneno mengi. Viti hamsini vinapangwa vikiangalia mbele, na nyinyi mlikuwa mmekaa chini mkiangaliana.

Huyo mzee wa reli nampenda, ata kama anawanyamazisha vijana. Kuna mtu wa kwetu, marehemu Profesa Henry Odera Oruka, alifundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuanzia miaka ya 1970 yeye na wenzake walizunguka vijijini wakikaa na wazee wanaosifika kwa hekima. Alitofautisha wazee wa aina mbili. Kuna anayejua vizuri sana yale watu wake wamekuwa wakisema, na kuna anayeyajua halafu ameyafikiria mwenyewe, ata akapingana nayo. Na ili kujua huyu ni yupi ilibidi waulize tena, wabishane naye kidogo, wamwambie "na wewe unaonaje?" Nadhani hakuna mtu hapo kwenu amewahi kumuuliza mzee hivo. Akisema mvumilivu hula mbivu, kijana mmoja amuulize kwa heshima, "baba, wewe ulivumilia nini, na ilikuwa mbivu kweli?" Mtu aliyefanya kazi reli miaka yote hiyo akijibu hilo swali, hamtatoka saa mbili. Hatari ni kwamba anaweza kuona amekosewa adabu, kwa hivyo mtafute umuandae, mwambie vijana wanataka maisha yake zaidi ya methali zake.

Nimemwacha bwanako mwisho kwa sababu ndiye ananifikirisha zaidi. Umeandika maneno yake kama kizuizi, na labda ni kizuizi. Lakini huyu mtu anaendesha gari la Molo. Molo ilichomeka 1992 na ikachomeka tena 2008, na yeye anapita hiyo barabara kila siku ya kazi, anajua nani alikuwa anaishi wapi na nyumba gani haikujengwa tena. Anaposema watu wataumia kwa boma yangu, kuna uwezekano anaongea kitu alichokiona. Unajua alikuwa wapi Januari ile? Amewahi kukuambia yote? Anachukua chai anaingia ndani, sawa, lakini hiyo nyumba na turubai zimetenganishwa na ukuta mmoja, na nadhani ile usiku aliskia kila neno. Usimuulize kama mtihani. Ila kabla hujaamua kufunga ama kutofunga kwa sababu yake, ningependa ujue hofu yake inafanana vipi. Pengine ukishaiskia utakubaliana naye kwamba mpumzike mpaka uchaguzi upite, na hiyo si kushindwa. Pengine yeye ndiye atasema punguzeni mrudi kuwa wanane. Pengine atanyamaza, na utabaki palepale. Sijui.

Wanane mimi naliona kama wazo lenye uzito, kusema kweli. Ishirini na mbili walikufurahisha, na wewe ni mtu wa kukaribisha, lakini kwa giza lenye taa moja ya sola hukuweza kuona nyuso zote. Kupunguza kuna maumivu yake pia, wale utakaowaacha watauliza kwa nini, na kwa mtaa uliochanganyika kama wenu watahesabu ni wa kabila gani wamebaki. Ukienda hiyo njia, labda kikao kizaliane badala ya kupunguzwa, mmoja wenu afungue turubai lingine kwake, na kila mgeni akalishwe na mtu mmoja aelezwe kabla ya kushika gunzi la kwanza. Na yale yasiyofaa kutoka yatajwe siku hiyohiyo na mwenyewe, mtu aseme hii hadithi mnaweza kuibeba na hii muiache hapa, maana zingine tunataka zibebwe. Habari ya jirani aliyevunja mabati, kwa mfano, nani anajua kama huyo mama hangependa watoto wa huo mtaa waijue? Hatukumuuliza.

Umeniambia simu hachukui. Usimpigie tena kwa sasa, na usimtumie meseji ndefu ya kueleza. Kwetu mtu haendi kwa mwenzake mikono mitupu kusema nimekuja tuongee, anaenda na kisababu. Na wewe unacho. Ile leso iliyokuwa inafunika beseni ni yake. Ifue, ipige pasi, umpelekee kibandani asubuhi kabla wateja hawajajaa, na akikupa kigoda ukae umsaidie kukunja nguo. Usimuulize atarudi lini. Akiichukua leso, sawa. Akisema kaa nayo, utaniandikia.